Mkono Unaosema na Mkono Unaoagiza

Mjomba hakuwahi kusimulia jambo mikono yake ikatulia. Kwenye ukoo walimwita Pangaboi, yaani feni ya darini, na mwenyewe alilipenda jina hilo.

Siku alipopita kumsalimia mpwa wake kazini, binti huyo, mbunifu wa menyu za miwani ya uhalisia pepe, alimvalisha miwani papo hapo. Ndani yake mlikuwa na jiko ambalo mtu hulipanga kwa ishara tu: ukikunjua kiganja, menyu inafunguka, ukipunga, kitu kinafutika.

"Mjomba, hebu hamisha lile kabati."

"Hili? Linanikumbusha la bibi yako! Tulilibeba, tukafika mlangoni..." Akapunga mkono kuonyesha mlango ulipokuwa. Kabati likatoweka. Akapunga tena kwa mshangao, na meza nayo ikaenda zake. "Loo! Mbona mnanihamisha nikiwa ndani?"

Mbunifu alicheka hadi machozi, kisha akakumbuka jambo. Wenzake waliolijaribu jiko hilo walikaa kimya kama wako kwenye mtihani. Hakuna aliyepiga soga. Sasa mashine itajuaje lini mkono unasema na lini unaagiza?

Swali likamganda kama kupe. Akawa anachungulia mikono ya watu: kwenye foleni ya benki, kwa kinyozi, dada yake akigombana na shemeji kwenye simu. Viganja vilitazama nje, juu, chini. Ila aliyejigeuzia kiganja usoni huku akiongea hakumwona. Basi akaifanya ishara hiyo kuwa ufunguo wa menyu, na bila menyu kufunguka, kupunga hakufuti kitu.

Mjomba aliporudi, alivaa miwani tena, akasimulia kisa cha harusi, mikono ikivuma, na menyu kimya. Alipofika penye kuchekesha, akajiziba mdomo kwa kiganja. Pu! Menyu ikamfungukia puani.

"Imetoka wapi tena hii?"

"Usitikisike, Mjomba! Baki hivyo hivyo!" Mbunifu akachuchumaa, akavikagua vile vidole. Vilikuwa vimelegea. Akarudi kwenye kompyuta, akaongeza sharti: kiganja kitazame uso, na kidole gumba kiguse cha shahada.

Safari hii Mjomba alicheka, akajipangusa jasho, menyu isijitokeze. Kisha akavigusanisha vidole, ikafunguka, akalihamisha jokofu hadi dirishani, polepole, akiguna.

"Mjomba, halina uzito hilo."

"Najua, mwanangu. Mgongo ndio haujui."

Mbunifu akamtazama. Kweli, magoti yalikuwa yamekunjwa kama ya mtu anayeinua mzigo. Akavuta kiti karibu, akaketi. "Hebu libebe tena," akasema, "nikuone vizuri."