Aliyepokea: Gwalugano

Mtaa wetu wa Chapwa hauna jambo linalonipita mimi. Kuku wa jirani akitaga, najua kabla ya mwenye kuku. Isipokuwa hili la Yesaya, ambalo lilipita mbele ya mlango wangu kila siku, limepanda pikipiki nyekundu, na mimi nikawa nalipungia mkono. Mengine nimeambiwa baadaye, na penye tundu nimetia kiraka mwenyewe.

Yesaya alikuwa mpeleka vifurushi. Mtu anaagiza kitu Dar kwa simu, kinakuja na basi, ofisi fulani ya karibu na stendi inakipokea, na Yesaya anakifikisha nyumbani. Ijumaa ile alitoka ofisini saa mbili asubuhi na vifurushi kumi na vinne kwenye boksi la nyuma, akapenya katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Petroli ilikuwa imepanda tena, kwa hiyo kwenye mteremko alizima injini, pikipiki ikashuka kwa neema ya Mungu.

Sheria za ofisi zilikuwa mbili. Ya kwanza, kifurushi akabidhiwe mtu mkononi, na jina la aliyepokea liandikwe kwenye simu. Ya pili, ukirudisha vitatu ndani ya wiki moja, pikipiki anapewa mwingine, na wenye leseni wasio na kazi wapo wengi, kiti chako wanakikalia kabla hakijapoa. Wiki ile Yesaya alikuwa ameshavirudisha viwili.

Sasa, watu wa Chapwa mchana wako shamba, sokoni au mpakani. Anayekabidhiwa ni nani, mbwa? Yesaya aliwahi kumuuliza msimamizi wake, Sebastian, akajibiwa bila hata kutazamwa: "Mfumo unataka jina. Wewe upe jina."

Jina alilolipata ni la Bibi Gwalugano. Huyu alikuwa mtu wa Itumba, kule milimani, aliyehamia kwetu zamani. Miguu ilikuwa imemvimba, basi kutwa alikaa kizingitini kwake, pale kona, akichambua maharage. Mwanzoni alipokea kweli. Mizigo ya watu aliiweka chini ya kitanda, jioni wenyewe wakaja kuichukua, na hakuna aliyetoka bila kukaguliwa: "Umeagiza nini tena wewe, na sketi ya mwanao imechanika?"

Tatizo la bibi lilikuwa maneno. Ukisimama kumpa kifurushi, unaondoka na habari za ukoo mzima, na saa inakimbia. Yesaya akaanza kuviacha vifurushi milangoni kwa wenyewe, jina la bibi akiliandika hukohuko juu ya pikipiki. Kisha akaacha hata kuangalia kama yupo. Wiki mbili za mwisho bibi alikuwa mgonjwa, amehamishiwa kwa mwanawe Zabron, mtaa wa chini, hanyanyui hata kikombe. Ndani ya simu ya Yesaya alikuwa anapokea mizigo kama afisa forodha.

Ijumaa hiyo Yesaya alikuta mtaa mtupu. Milango imefungwa, kuku wametawala. Akakutana na Enesi, mke wa fundi baiskeli, amejitwika debe la unga na kitenge amekifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama. Leo watu wamekwenda wapi?"

"Marahaba, baba. Tuna msiba kule chini."

"Poleni sana. Sasa mama, nisaidie, nipokelee hiki cha Recho. Kidogo tu."

"Niingie msibani na kifurushi? Watasema nimemletea marehemu zawadi! Twende ukatoe pole, hata dakika tano. Wanaume wenzako wanachimba."

"Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi."

Kwetu mtu akisikia msiba huuliza, nani? Hata mlevi huuliza. Na Yesaya ni mtoto wa watu, amelelewa Itaka kwenye kahawa na kanisa, huko alifundishwa kusimama jeneza likipita. Nina hakika swali lilimfika mdomoni. Lakini simu ilitetemeka mfukoni, ikimkumbusha kwamba amechelewa na vifurushi tisa havijafika. Akalimeza swali. Nimelifikiria sana hilo. Mtu hanyang'anywi utu wake siku moja. Ananyang'anywa dakika tanotano.

Akatazama kule kona. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa.

"Hata bibi kaenda msibani," akasema.

Na kweli alikuwa amekwenda. Ila hakwenda kwa miguu.

Kifurushi cha Recho kilikuwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani yake mlikuwa na sindano hamsini za mashine ya kufumia sweta. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Sweta arobaini za wanafunzi zilikuwa zimelala mezani kwa Recho bila mikono, na sindano za mashine zimekatika. Yesaya alikiweka kizingitini, akakifunika na beseni lililokuwa limeegemezwa ukutani, akapiga picha, akaandika: Gwalugano, saa nne na dakika ishirini.

Aliona amefanya la akili. Mwenyeji angemwambia kwamba siku ya msiba beseni halikai nje. Wanawake hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya mabeseni na masufuria. Saa tano beseni la Recho lilikuwa msibani limejaa mchele, na kifurushi kimebaki uchi mbele ya barabara. Aliyekichukua simjui, na mimi ndiye niliyejisifu hapo juu.

Recho mwenyewe alikuwa ndani kwa Zabron na wenzake, wanamvalisha bibi gauni la kanisani, wakati simu ilipolia kwenye pindo la kitenge. Alisoma ujumbe mara mbili. Kifurushi chako kimepokelewa na GWALUGANO. Asante kwa kutuamini. Akaificha simu. Aliniambia alitaka kucheka, akaogopa kwamba akianza hataweza kunyamaza.

Baada ya mazishi alipita nyumbani, akakitazama kizingiti, kisha akaenda moja kwa moja ofisini, udongo wa makaburini ungali kwenye ndala zake. Yesaya alikuwa pale anarudisha boksi. Siku yake ilikuwa nzuri; hakuna kilichorudi hata kimoja.

"Nimekuja kuuliza mzigo wangu," Recho alisema.

Sebastian akabonyeza kompyuta. "Umepokelewa, dada. Saa nne na dakika ishirini. Bibi Gwalugano, jirani yako."

"Nani alimkabidhi?"

"Mimi, dada," alisema Yesaya.

"Mkononi?"

Yesaya alimtazama Sebastian. Sebastian alitazama kompyuta.

"Mkononi," akasema Yesaya. "Hata alisema nikusalimie."

Recho alimwangalia kwa muda, na haikuwa kwa hasira. Ingekuwa hasira, Yesaya angejua la kufanya.

Sebastian alipoona mteja haondoki, akaamua kufunga mjadala kama wakubwa wanavyofunga. "Dada, sisi hatubahatishi. Kila aliyepokea tunamhakiki. Huyo bibi nimempigia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, akathibitisha anacho. Muulizane hukohuko majirani."

"Ulimpigia saa ngapi?"

"Saa nane. Saa nane kamili."

"Akapokea?"

"Akapokea, na sauti yake safi kabisa."

Recho alivua ndala moja, akaikung'uta taratibu juu ya sakafu iliyopigwa deki, akaivaa. Akavua na ya pili.

"Saa nane, kaka," alisema, "tulikuwa tunamshusha kaburini."