Vibati Sita vya Ponsiano

Jumanne asubuhi, kabla jua halijafika kizingitini, kitovu cha mtoto wa Levina kilidondoka ndani ya nepi. Bibi Agnella alikiokota kwa vidole viwili, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Haya. Leo aogeshwe, apate jina."

Levina aliinjika maji.

Katika ukoo wao mtoto haitwi jina mpaka aogeshwe kwa maji yenye rupia ya Mjerumani. Rupia hiyo ya fedha aliipata babu yake Bibi Agnella kwa kubeba mizigo ya Wajerumani kupanda Mahenge. Walipanda wanaume kumi na wawili, wakashuka wanne. Huwekwa ndani ya beseni chini ya maji, mtoto akalazwa juu yake, na jina analoitwa linamkaa. Levina mwenyewe aliogeshwa hivyo, na mama yake pia.

Ila rupia ilikuwa Kibaoni, kwenye kabati la kioo la Ponsiano.

Ponsiano alikuwa mnunuzi wa sarafu za kale, mtu wa maneno laini, na lenzi yake ya jicho moja ilining'inia shingoni. Kila aliyempelekea sarafu alipewa sarafu ya ukumbusho: duara la bati la njano, upande mmoja kichwa cha Ponsiano akitazama pembeni kama wafalme wa zamani, upande wa pili tangazo la duka na namba ya simu. Alitoa ya kufungua duka, ya kutimiza mwaka, ya Nane Nane, na nyingine alipooa. Watu waliziita vibati.

Bibi Agnella alikuwa amempelekea rupia aitazame tu, amwambie ni ya mwaka gani. Ponsiano aliitazama, akaifungia kabatini, akampa kibati. Bibi alidhani ni kama kile cha namba wanachokupa hospitali usubiri zamu yako. Akakaa kwenye benchi mpaka duka likafungwa.

Kesho yake Levina alikwenda, mimba yake ikiwa bado changa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nimefuata rupia ya bibi."

"Bibi si ana kibati? Tulishabadilishana." Alipomwona Levina anatazama sakafu, akacheka. "Usinune bwana. Vibati viko vya aina saba. Niletee seti nzima, rupia unaichukua mkononi. Mimi si mwizi."

Levina hakujua kubishana. Kazi aliijua. Alimpalilia Mzee Adolf mpunga siku mbili, akapewa kibati cha Nane Nane. Aliamia ndege wasile mpunga wiki nzima shambani kwa Domitila, akapewa cha harusi. Vingine vitatu alivipata kwa visado vya pepeta ya mpunga mchanga aliyoitwanga mwenyewe. Siku za kujifungua zilipofika alikuwa na sita, pamoja na kile cha bibi. Cha saba Ponsiano alikuwa hajakitoa.

Maji yalichemka, yakapoa. Bibi Agnella alilitazama beseni.

"Hivyo vibati vimekaa duka moja na rupia," alisema. "Vimeizoea. Lete."

Levina akavipanga vyote sita chini ya maji, wakamlaza mtoto. Bibi akamwita Theodori. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, mpaka mara ya tatu, na jina likapita juu yake kama la mtoto wa jirani. Walipomgeuza wamsugue mgongo, maandishi yalikuwa yameshatokea, yameinuka kidogo kama vipele vya joto. Levina aliishia darasa la tano. Aliyafuata kwa kidole, neno kwa neno. TUNANUNUA SARAFU ZA KALE. PONSIANO, KIBAONI. Chini yake namba ya simu.

"Yanatoka?" bibi aliuliza.

Levina alisugua kwa sabuni ya mche. "Hayatoki."

"Basi mfute maji, asipate baridi."

Kliniki, muuguzi alimpima uzito, akamgeuza, akasoma.

"Hii ndiyo namba ya baba?"

"Hapana."

Akaiandika hivyo hivyo, maana pa simu palikuwa wazi kwenye kadi. Pa jina palibaki "mtoto wa Levina".

Domitila alipokuja kumwona mzazi, alimfunua mtoto, akapiga kofi paja lake. "Kumbe wenzetu mmezaa bango!"

"Bango gani linanyonya?" alisema Levina. Alikuwa hajawahi kumjibu mtu maneno marefu hivyo.

Watu wenye sarafu za zamani wakaanza kupita Lumemo, nyumbani kwa kina Levina. Walipiga hodi, wakaomba kuona mgongo, wakanakili namba, wakashukuru. Wengine waliacha ndizi.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu, Ponsiano alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Aliweka lenzi jichoni, akaukagua mgongo herufi kwa herufi.

"Hata Dar hawachapi hivi," alisema. "Mdogo wangu, ukimbeba, kitenge kikae chini chini, watu wasome." Wiki iliyofuata alirudi, akampa kibati kipya. Upande mmoja kilikuwa na kichwa chake, upande wa pili mgongo wa mtoto. "Hicho ndicho cha saba. Jumatatu njoo dukani na vyote."

Jumatatu Levina alimwogesha mtoto mapema. Chini ya kiganja chake herufi zilisogea, zikajipanga upya. Alimpangusa, akasoma. TUMEHAMIA MOROGORO, JIRANI NA STENDI.

Alikwenda Kibaoni hata hivyo, mtoto mgongoni, vibati saba vikiwa ndani ya kitambaa. Duka lilikuwa wazi na tupu. Sakafuni palikuwa na alama nne za miguu ya kabati. Watu watatu walisimama mlangoni, kila mmoja na fundo la kitambaa mkononi.

"Msimpe kitu," Levina alisema akitazama miguu yao. "Atawapa vibati."

"Tunavyo, dada," alisema mzee mmoja, akafungua fundo lake. Vilikuwa sita. "Mimi alichukua ile senti yenye tundu ya marehemu baba. Nimebakiza cha mgongo tu. Wewe umekipata?"

Levina alimwonyesha. Kikapita mikononi mwao wote watatu, kikarudi.

"Unajua amehamia wapi?"

Levina alifungua kitenge, akamgeuza mtoto. Walisogea, wakasoma. Mzee alikichukua tena kibati, akakiweka jirani na mgongo wenyewe, akalinganisha.

"Wamepatia, isipokuwa anwani," alisema. "Anaitwa nani?"

"Bado."

Mzee akaitika kwa kichwa, akafunga fundo lake, na wote wanne wakaondoka pamoja kuulizia basi la Morogoro.