Asumini na Udongo Wake

Bibi mshonaji hakuwa mtu wa majivuno, ila alipotajiwa mjukuu wake mhandisi, ulimi wake haukushikika kwa hatamu. Safu yote ya nyumba zao ilijengwa palipokuwa na kiwanda cha betri, na udongo wa bustani zao ulikuwa umekunywa madini ya risasi hata ukawa sumu. Watoto walikatazwa kuukanyaga. Kazi ya kuutengeneza ikamwangukia kijana aliyekulia chini ya cherehani yake. Bibi alisema hiyo ni neema, na neema husimuliwa.

"Hebu eleza tena, mume wangu," alimwambia asubuhi ya ukaguzi. "Huyu shoga yangu jirani hajaelewa."

"Ameelewa tangu juzi, bibi," mjukuu alicheka. "Udongo mbovu wa juu tumeuondoa. Uliobaki chini tumeufunika kwa kitambaa kigumu cha rangi ya machungwa, ili mchimbaji akikiona asimame. Juu yake kokoto, na juu ya kokoto udongo safi, kupita kina cha jembe."

"Jembe la nani?"

"Lako. Mtaa huu hakuna achimbaye kama wewe. Nilipima shimo lako la mgomba, nikaongeza."

"Umesikia?" Bibi alimgeukia jirani. "Ardhi imetiwa bitana!"

"Nimesikia, mke wa mhandisi," alijibu jirani, akimpandisha mwanawe mgongoni. "Mimi nataka huyu ashuke tu. Kiuno kimekwisha."

Bustani nyingine zote zilikwisha pita ukaguzi. Ilisalia ya bibi. Kama ingefeli, safu nzima ingebaki imefungwa. Mkaguzi, bwana mkimya mwenye miwani, alizamisha bomba lake karibu na ukuta, kisha katikati, akausogezea udongo kipimo chake cha mkononi. Safi. Akaanza kulifuta bomba.

Mjukuu lakini alikuwa ameukazia macho mwasumini uliochanua mlangoni.

"Bibi, huu ulikuwa wapi wakati wa kazi?"

"Kwa shangazi yako, nilikohamia. Niliuweka kwenye beseni."

"Na udongo wa beseni?"

"Udongo wake mwenyewe! Mche huhamishwa na udongo wake, hata mtoto..." Hapo bibi akalisikia neno lake: udongo ule ulikuwa wa zamani, wenye risasi.

Mkaguzi hakuwa amesikia. Bibi alimtazama mjukuu jicho la kumwomba stara. Maana kumsitiri mzazi ni adabu, na yeye ndiye aliyemfunza adabu hiyo. Kijana aliinamisha kichwa kidogo, kama aombaye radhi, kisha akainua sauti.

"Bwana mkaguzi, bado. Pima hapa pia."

Kipimo kilipokaribia shina, kililia. Mzee mmoja mtani, kati ya majirani waliokusanyika uani, akapaza sauti:

"Kikulacho ki nguoni mwako, mshonaji!"

Uso wa bibi uliwaka. Mjukuu alikunja mikono ya shati, akapiga magoti, akachimba kwa upana kuuzunguka mche mpaka kwenye kokoto. Udongo wote ule akautia kwenye magunia ya plastiki, akayafunga. Mizizi akaiosha kwenye pipa mpaka ikabaki mitupu, na maji yake akayafunikia humo humo yaende kutupwa pamoja na udongo mbovu. Kisha akalijaza shimo udongo safi, akaupanda mche upya. Mkaguzi alipima chini, kando na juu. Kipimo kikanyamaza. Akatia saini.

"Pole, shoga," jirani alinong'ona. "Mume wako amekuanika hadharani."

Bibi alijinyoosha mgongo uliopindwa na cherehani.

"Pole ya nini? Wewe ungemweka mwanao juu ya udongo uliopitishwa na mtu anayemfichia bibi yake?"

Jirani aliikaza mbeleko ya mwanawe.

"Amana haina jamaa," bibi aliendelea, kwa sauti iliyofika mpaka kwa yule mzee mtani. "Kama angenisitiri mimi, angewaponza ninyi. Na huyo nimemlea mimi, si mwingine! Hebu mteremshe mtoto."

Jirani alimtazama mhandisi, akaifungua mbeleko. Mtoto alikaa chini, akachota ukufi wa udongo, akautia kinywani kabla mama yake hajamfikia.

"Msukutue," bibi alisema akicheka, "lakini taratibu. Huo ni udongo tu."