Mkono Ndani ya Mwanga

Pale studio walimwita Jicho, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisafisha picha za watu, na kazi yake aliijua nje ndani.

Asubuhi hiyo dada wa bibi harusi aliingia akiwa amekunja uso, akaenda moja kwa moja mpaka mezani kwake.

"Nataka mumkate huyu," alisema, akigusa kioo cha kompyuta.

Ilikuwa picha ya familia nzima, watu ishirini na wawili, waliopangwa ukumbini siku ya harusi. Upande wa kushoto kulikuwa na dirisha kubwa, na mwanamke aliyesimama kati ya dirisha hilo na bibi harusi alikuwa amemezwa na mwanga. Uso mweupe, nguo nyeupe, utadhani kamwagiwa unga.

"Ni nani?" Jicho aliuliza.

"Shangazi yetu. Tulimwambia akakae mbele na wakubwa wenzake, akang'ang'ania pale pale. Haya, katuharibia picha."

Mpiga picha, ambaye ndiye mwenye studio, alikuna kichwa. Alikuwa ameshajaribu kupunguza mwanga wa picha nzima. Shangazi alianza kujitokeza, lakini wajomba wa upande wa kulia wakawa weusi kama masizi.

"Kumkata ni kazi ya dakika mbili," alisema.

"Hakatwi mtu," Jicho alijibu bila kupaza sauti. "Dada, vuta kiti. Nipe nusu saa."

Bosi wake alimfahamu akisema hivyo. Akarudi kwenye kamera zake.

Jicho alifungua faili ghafi, ile iliyotoka kwenye kamera kabla haijabanwa, akachagua kifaa cha gradienti, kile kinachopunguza mwanga hatua kwa hatua kutoka upande mmoja.

"Mwanga haukuwafikia wote sawasawa," alimweleza yule dada. "Dirishani umejaa, ukutani umekwisha. Basi na sisi tunaupunguza hivyo hivyo. Dirishani sana, katikati kidogo, kwa wajomba hatugusi."

Akabonyeza kipanya ukingoni mwa dirisha, akakiburuta taratibu mpaka begani kwa bwana harusi, akakiachia. Kivuli chepesi kikatandazwa juu ya picha, kizito upande wa dirisha, kikififia kadiri kilivyosogea ndani. Shela ya bibi harusi ikaingia rangi ya majivu. Jicho alikuwa amelitarajia hilo. Akachukua brashi, akakiondoa kivuli kwenye shela peke yake, ikarudi nyeupe. Kisha akashusha mwanga mkali nukta kwa nukta.

Shangazi akaanza kurudi. Kwanza nyusi, kisha mashavu, kisha maua ya gauni lake. Mwisho ukatokea mkono wake wa kushoto.

Dada mtu aliinama karibu na kioo. "Hebu ngoja. Anashika nini pale?"

Jicho akaikuza picha. Vidole vya shangazi vilikuwa vimeikamata nguo ya bibi harusi chini ya kwapa, vimeibana pamoja kwa nguvu zote. Juu ya vidole hivyo, zipu ya ubavuni ilikuwa imeachia.

Yule dada alimpigia mdogo wake simu hapo hapo.

"Ilifumuka tukiwa tunapangwa," bibi harusi alisema, sauti yake ikisikika mpaka mezani. "Shangazi akaniambia, wewe tabasamu, mengine niachie mimi. Amenishika mpaka picha ya mwisho, vidole vikamfa ganzi. Ulitaka nitangaze mbele ya wakwe?"

Dada mtu alikata simu, akautazama tena ule mkono.

"Na mimi nilimnunia siku nzima," alisema hatimaye.

"Naweza kuufuta mkono," Jicho alisema. "Na zipu nikaifunga. Hakuna atakayejua."

"Zipu ifunge. Mkono usiuguse."

Jicho akaishona zipu kwa kubandika vipande vya kitambaa kizima juu ya pengo, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono wa shangazi ukaonekana umemkumbatia tu mtoto wa kaka yake. Alijiegemeza kitini, akaitazama picha toka mbali, akaridhika.

Nakala ya kwanza, kubwa ya kutundika ukutani, dada mtu hakutaka itumwe. Aliisubiri ikauke, akaikumbatia na fremu yake, akaipeleka mwenyewe kwa shangazi mchana ule ule.