Kichwa cha Fundi Geti

Ulipita pale karakana, usikatae. Ulimwona kaka yangu, Fundi Geti, amekaa miezi minne mbele ya mageti ambayo hayajaungwa, ukageuza uso na kusema, "Mvivu tu huyo." Nakumbuka hata shati ulilovaa.

Mimi dada yake nina mdomo, na nilimburuta hadi hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimsikiliza saa nzima, akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaoua hamu ya kazi, akamwandikia dawa. Kaka akazikataa.

"Dawa za uvivu zinauzwa wapi? Nionyesheni huo ugonjwa, ndipo nimeze."

Daktari akatutajia utafiti wao wa ugonjwa huo. Kofia ya nyaya husoma umeme wa ubongo, mashine ya sumaku huupiga picha, kisha vyote husomwa pamoja, maana kila kimoja huona kisichoonwa na mwenzake.

Kofia alivaa bila shida. Kwenye sumaku, mpiga picha akamuuliza kazi yake.

"Kuchomelea."

Mpiga picha akazuia mlango. "Macho ya mchomeleaji huenda yana chembe za chuma, bwana. Sumaku itazivuta. Nenda nyumbani."

"Aende wapi?" nikapaza sauti, korido nzima ikageuka. "Chuma si kinaonekana kwa eksirei? Au na eksirei mnaiogopa?"

"Dada, punguza sauti," mpiga picha akasema.

"Nitapunguza akishapigwa!"

Akapigwa eksirei. Macho safi. Akaingizwa kwenye lile tundu, mashine ikaanza kugonga ga-ga-ga, nami nikaomba asitoke mbio. Alitoka anacheka, mara ya kwanza kwa miezi.

"Aliyeunda kitu hiki hajui kushika nyundo. Hana mahadhi kabisa!"

Wiki iliyofuata daktari akamwekea mezani picha ya kofia na ya sumaku. "Zenyewe hazitoi hukumu, bado tunajifunza. Lakini zote mbili zinakubaliana na uliyonieleza."

"Kwa hiyo uvivu hamkuuona?"

"Mashine ya uvivu hatuna, fundi."

Akacheka tena, akanyoosha mkono. "Haya, lete dawa."

Mwezi wa pili huu, anachomelea nusu siku na kunitania siku nzima. Ila utafiti umekwama: wanakosa vichwa vya watu wasioumwa, vya kulinganishia. Mimi nimeshalala mle ndani. Sasa wewe, uliye mzima wa kutosha kusema watu, vua saa, vua mkufu, nenda ukalale. Leo hii. Wanafunga saa tisa.