Taa ya Wifi

Redio hakupewa jina hilo bure. Kiwandani pale, penye kelele za kuziba masikio, sauti yake bado ilifika hadi stoo. Akinyamaza, ujue anatafuna chingamu, na chingamu yenyewe akiialisha, yaani akiipasua kwa meno, ta! ta! mpaka wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekaa naye bega kwa bega, akasema, "Jamani, taya hizo hazina likizo?"

Kazi yao ilikuwa kuchomeka waya za mashine za kufulia. Plagi ikikaa sawasawa hulia ta!, na kinasa sauti kidogo kilichofungwa mezani kikisikia mlio huo, taa ya kijani inawaka, mashine inasogea mbele. Isipowaka, unasukuma tena.

Sasa mashine za wifi zikaanza kurudi. Plagi zimelegea, na taa iliwaka! Msimamizi akaja juu. "Unanichezea, siyo? Kesho unahamia kufungasha maboksi."

Wifi akaapa kwa kila anachokipenda. Wapi! Alirudi kitini machozi yanamlengalenga, na Redio roho ikamuuma kwelikweli, maana huyu wifi ndiye aliyemtafutia kazi hii. Kwa hasira akaialisha chingamu. Ta!

Taa ya wifi, ambayo kinasa chake kilikuwa upande wa shavu la Redio, ikawaka kijani. Plagi, wifi bado anayo mkononi.

Lo! Redio aliduwaa. Wifi alikuwa ameinama akifuta pua, hakuona. Hakuna aliyeona. Angeitema ile chingamu kimyakimya, mambo yangeisha, na kesho wifi angehama peke yake. Alijaribu kuwaza hivyo, akashindwa.

"Bosi, njoo!" Hata stoo walisikia. "Tazama taa ya wifi, halafu unisikilize mimi."

Ta! Kijani.

Msimamizi akakodoa macho. "Hebu tena."

Ta! Kijani. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akakumbuka cheo chake. Vinasa sauti vitasogezwa karibu na plagi, akasema, wifi atabaki, na Redio atakwenda maboksini wiki nzima ajifunze kufunga mdomo.

Wifi akageukia waya zake bila hata kumtazama. Hilo ndilo lililomtisha Redio.

Kesho yake mchana, Redio akiwa amekaa juu ya boksi, kimya, mnyonge, wifi akatokea. Akamwekea mkononi pakiti nzima ya chingamu, akajibana kando yake pale pale juu ya boksi.

"Alisha mpaka uchoke," akasema. "Huku hakuna taa."