Kiti cha Abbas

"Mama Rayyan, wewe kalia tu kiti. Kucheza nitacheza mimi."

Hayo aliniambia shemeji yangu Bushiri asubuhi, mlangoni mwa ukumbi, huku akipuliza chai yake. Nikameza. Nimetoka Mbeya mpaka Iringa, nimefunga kibanda changu cha mchele soko la Soweto siku mbili, halafu naambiwa nikalie kiti. Kama shida ilikuwa kiti kupata mkaliaji, si angebeba gunia la mchele wa Madibira akaliweka pale? Lingetulia kuliko mimi, na lisingedai chakula cha mchana.

Yalikuwa mashindano ya karata, wahedi wasitini, timu sitini na nne za watu wawili wawili, kwenye ukumbi wa harusi ambao mapambo ya jana yake yalikuwa bado yananing'inia. Kwa asiyeujua mchezo: mnakaa wanne, mwenzako anakuwa mkabala nawe, karata zote zina pointi mia na ishirini, na wanaofikisha sitini na moja ndio washindi. Ree ina pointi kumi na moja, saba ina kumi. Rangi moja huwa turufu, nayo hukata nyingine zote. Basi. Kinachobaki ni kumbukumbu na roho ngumu.

Mimi mchezo huu nimeujua ukubwani. Mume wangu Abbas alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na aliyeshinda nami chumbani ni shangazi yake, Bi Bibie. Siku moja aliona nimeukodolea macho ukuta tangu adhuhuri, akatoa karata kwenye mkoba wake, akasema, "Kulia utalia. Lakini mikono haina eda." Ndipo nikajifunza.

Abbas mwenyewe alikuwa bingwa. Miaka kumi na miwili ya ndoa yetu, kila Jumamosi alasiri alikuwa barazani kwa Shamsudin, muuza vitambaa, yeye na mdogo wake Bushiri, wamekaa mkabala. Mimi ndiye niliyepeleka kahawa. Nikimimina nilikuwa naona mgongo wa karata tu. Hata siku moja hakuniambia, "Kaa nikuonyeshe." Namwombea dua kila siku, lakini hilo sijamsamehe, na sioni kwa nini nijifanye nimemsamehe.

Eda ilipokwisha nilikwenda barazani mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilifungwa mpaka waliokuwa wakinicheka wakaanza kunihurumia. Mwaka wa pili nikajifunza kuhesabu. Kila karata inayotoka naiweka kichwani, nani ametupa nini, nani amekosa rangi gani. Mwaka wa tatu huruma ikawaisha. Bushiri, ambaye tangu kaka yake afe alikuwa amegombana na wenza watatu, ndipo akaja kibandani kwangu akizungukazunguka, mara bei ya mchele, mara mvua, mwisho akasema twende Iringa.

Nilimwomba kitu kimoja. Kwetu barazani karata na ishara ni pete na kidole: huyu anakuna pua, yule anashika kola, na kila jozi ina za kwake. Hakuna anayeita wizi, ndivyo tulivyokuta. Ishara za Abbas na Bushiri zilisifika mji mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kuzing'amua. Nikamwambia, "Shemeji, basi nifundishe."

"Zile zilikuwa zangu mimi na marehemu," akajibu, na uso akaufunga.

Sawa. Nikaendelea kuhesabu.

Kumbe Iringa ishara zilikuwa marufuku. Mwamuzi mkuu, Mwalimu Anyelwisye, mstaafu mwenye filimbi shingoni, alitangaza kwenye kipaza sauti kabla hata ya karata ya kwanza. "Ishara ikitolewa na mwenzako akaipokea, timu nje. Ikitolewa na mwenzako asiielewe, gemu inarudiwa. Tumeelewana?" Ukumbi mzima ukaguna. Wanaume waliokuwa wakiogopwa toka Njombe mpaka Songea wakabaki wamekaa juu ya mikono yao, hawajui pa kuiweka, na kufika saa sita nusu yao walikuwa nje wanakula mishikaki.

Bushiri naye alipotea. Alitupa saba mahali pa kutupa tatu, alikata hata karata zangu mimi mwenzake. Niliokoa gemu ya kwanza, nikaokoa ya pili, mechi nne mfululizo nimebeba mimi. Na kila tulipoinuka mezani watu walimfuata yeye. "Hongera Bushiri! Umembeba shemeji yako!" Na yeye, jamani, alipokea! Alipokea mkono huu na huu, anatabasamu, anasema, "Tunajitahidi, tunajitahidi." Nilikuwa nimesimama pale pembeni yake na mkoba wangu. Wali wa mchana ulinishinda kwa hasira.

Tukafika nusu fainali. Wapinzani wetu walikuwa wenyeji: Burhanuddin, mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, mpole, miwani puani, na mwenzake Timotheo, dereva wa lori, anayebamiza kila karata mezani kama anapigilia msumari. Gemu ya kwanza tukashinda, ya pili wakashinda. Ya tatu ndiyo ya kuamua.

Turufu ilikuwa kopa. Zimebaki karata tatu kwa kila mtu. Tulikuwa na pointi arobaini na saba, na kichwani mwangu meza ilikuwa nyeupe kabisa. Turufu zilizobaki zilikuwa mbili tu: tano ya kopa mkononi mwangu, na ree ya kopa. Burhanuddin na Timotheo walishaonyesha wote wawili kwamba kopa wameishiwa. Kwa hiyo ree ile anayo Bushiri. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Timotheo akabamiza ree ya uru. Zamu yangu. Sikuwa na uru hata moja. Nikikata na tano yangu, pointi kumi na moja ni zetu, hamsini na nane. Kisha naanza mimi na ree ya pau, ambayo wao hawana cha kuikatia: sitini na tisa. Tumeingia fainali. Nilihesabu mara mbili, kisha nikainua macho, maana mtu akijua ameshinda hutaka kumtazama mwenzake.

Bushiri alikuwa ananitazama. Hapana. Alikuwa anatazama mahali nilipokaa. Macho yamemlegea, uso umekuwa laini, uso ambao sijawahi kuuona ukielekezwa kwangu. Mkono wake ukapanda taratibu, akavuta ncha ya sikio mara mbili.

Nikatupa tano ya kopa, nikakata. Filimbi ikalia juu ya kichwa changu.

"Ishara," alisema Mwalimu Anyelwisye. "Wewe bwana, umeshika sikio. Mbu hakuna."

Ukumbi ukatuzunguka. Bushiri akautazama mkono wake utadhani si wake. Mwalimu akauliza, "Ilikuwa ishara?"

"Ilikuwa ishara," akajibu, sauti ndogo.

"Maana yake?"

"Hii naichukua mimi, nitupie pointi."

"Na mwenzako anaijua?"

Hapo ndipo pa kuponea. Neno moja tu: hapana. Ni kweli, na gemu ingerudiwa. Nikamwangalia. Nyuma yake walikuwa wamesimama kina Shamsudin, baraza zima la Mbeya waliokuja kututazama, wanasubiri. Akanyoosha mgongo.

"Anaijua," akasema. "Mke wa Abbas atakosaje kuijua?"

Nilisikia masikio yanawaka moto. Afadhali aonekane mwizi! Afadhali tutupwe nje wote wawili, kuliko watu wajue kwamba amenikalisha kile kiti siku nzima na hakunipa hata ishara moja. Mwalimu alikuwa ameshafungua daftari lake kutafuta jina letu alifute.

"Siijui," nikasema. "Nilimwomba anifundishe, akakataa."

"Mama Rayyan," Bushiri akaninong'oneza, "nyamaza."

"Sinyamazi! Mwalimu, tazama mezani. Nimetupa nini?"

Akatazama. "Tano ya kopa."

"Na mkononi nina hii." Nikaibwaga ree ya pau juu ya meza. "Pointi kumi na moja. Kama ningeijua ishara yake, ningemtupia hii, aichukue yeye. Mwenzako amekwambia anaichukua, wewe unakata ya nini? Nani anateketeza turufu yake hivyo? Nimekata kwa sababu kwangu mimi sikio lake ni sikio tu."

Burhanuddin akavua miwani, akazisogelea zile karata, akavaa tena. "Anasema kweli huyu," akasema. "Anayeijua hakati."

Mwalimu Anyelwisye akafunga daftari. "Ishara haikupokelewa. Gemu ya tatu inarudiwa."

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini Timotheo, dereva wa lori asiyejua lolote la Mbeya, akacheka na kuuliza kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Sasa kama huyu mama haijui, bwana mkubwa ulikuwa unampa nani?"

Shamsudin akainamisha kichwa. Wa Mbeya wote walijua, na mimi nilijua, na nilimwona Bushiri naye anajua. Akasukuma kiti, akainuka, akakata katikati ya watu kuelekea mlangoni.

Nikamfuata mbio. "Shemeji! Gemu inarudiwa, unakwenda wapi?"

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Wewe je? Umenisingizia wizi mbele ya watu hao hao."

"Ungenyamaza tu. Tungeondoka na heshima yetu."

"Heshima ya nani, Bushiri?" Sikuwahi kumwita kwa jina lake hivyo, kavu. "Mechi nne nani amezishinda? Rudi ukae. Ucheze na mimi. Mimi hapa, Mwanaidi. Aliyekufa amekufa, na mimi ndiye niliyemlilia ndani miezi minne, usidhani wewe ndiye pekee unayemtafuta kwenye kile kiti!"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nadhani aliniona. Na alichokiona hakukitaka. Akatikisa kichwa, machozi yamemjaa. "Siwezi," akasema. "Nikikuona pale, yeye hayupo." Akatoka nje kwenye baridi bila koti lake.

Ningeweza kumwonea huruma. Kesho labda, au mwezi wa Ramadhani. Lakini pale mlangoni niliona hasira tupu: kwake, na kwa Abbas aliyeninyima mchezo wake akiwa hai, na sasa ananinyang'anya hata baada ya kufa.

Nikarudi mezani, nikakaa. Mwalimu Anyelwisye alitupa dakika kumi, na mtu wa Mungu yule akaongeza tano. Kiti cha mkabala wangu kilibaki kitupu na koti limening'inia. Kisha akaandika kwamba timu yetu imejitoa, akaniomba radhi, akaenda.

Burhanuddin alizikusanya karata, akazipanga, hakuinuka upesi. "Dada," akasema, "mwakani uje. Unacheza vizuri sana. Lakini utafute mwenza."

"Nitamtafuta," nikamwambia. "Nitatafuta mtu ambaye hakumjua mume wangu."